Sia na Saa Tisa ya Loishiye

«Hivi mama Aikaeli, huyo mpangaji wako anasikiliza nini kwenye kile kidude, au ndiyo mambo ya kwao Machame?»

Tabitha, jirani yangu wa hapa Sekei, aliniuliza hivyo Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka tisini na tisa, akiwa upande wake wa ua wa michongoma na beseni la nguo kiunoni. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu Jumapili. Mlima Meru hatukuuona kwa siku nne, ungedhani umekwenda kutembea mahali. Na pale barazani kwangu, katika ule weupe, alikaa Sia na mwiko wangu wa kusongea ugali. Ile sehemu pana ya mwiko ameigusisha kwenye kichuma kidogo kilichounganishwa na nyaya, mpini uko sikioni, macho kayafumba.

«Anasikiliza kama kinaumwa,» nikamjibu.

«Na kinasemaje?»

«Hajaniambia bado.»

«Kikimaliza amsikilize na mume wangu. Tangu juzi hajasema neno.» Akacheka, akaenda kuanika nguo zake ambazo siku hiyo wala zisingekauka.

Sia alikuja kupanga kwangu mwaka tisini na tano, akiwa na miaka thelathini na mitano hivi. Alitoka kwao Machame akiwa msichana, akasomea uchapaji, akaajiriwa katika shirika moja la umma hapa mjini. Shirika lilipobinafsishwa, wenye shirika wapya walileta kompyuta zao, na zile za zamani, sita nzima, zikatupwa stoo nyuma ya magunia. Wenzake waliopunguzwa kazini waligawana viti na makabati. Yeye aliomba zile sita zilizokufa. Alizileta kwangu kwa mkokoteni, zimefunikwa blanketi kama wagonjwa, akazipanga chini ya dirisha la chumba chake. Ndani ya mwaka mmoja nne kati ya hizo zilikuwa zinapumua.

Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alikuwa akitengeneza redio, na huyo ndiye aliyemzoesha kusikiliza kwanza kabla ya kufungua. Kila kifaa kina sauti yake, alikuwa akiniambia. Kile kichuma alichokuwa anakisikiliza kinaitwa hadi diski, ndipo kompyuta inapohifadhi kila kilichoandikwa. Siku moja nikiwa nachambua mboga na yeye anafanya kazi yake pembeni yangu, alinipa mwiko nami nisikilize. Nilisikia mvua. Mvua ndogo, ya mbali, inayonyesha juu ya majani ya migomba. Nilikaa nayo sikioni mpaka mchicha ukanyauka.

Alikuwa mtu wa kusema kidogo, na hata alipokutazama ulihisi yuko njiani anakuja, hajafika. Kanisani alikaa benchi la dirishani. Shikamoo yake ilikuwa ya taratibu, anasubiri umalize marahaba ndipo apite. Wateja wake walikuwa parokia, shule na maduka ya kuchapia, na wengi walipofika mara ya kwanza walimwuliza fundi yuko wapi. Naye hujibu, «Anakuja,» kisha hukaa kwenye kiti na kuanza kufungua skrubu.

Sasa mwaka ule, kama mnakumbuka, kila mwenye kompyuta alikuwa ameambiwa kwamba ikifika mwaka elfu mbili mashine zitachanganyikiwa, zitadhani tumerudi mwaka wa sifuri. Umoja wetu wa mfereji ulikuwa na kompyuta moja, katika ofisi ya vyumba viwili pale Maji ya Chai. Mimi ni mwanachama kwa sababu ya shamba aliloniachia marehemu mume wangu huko chini ya barabara. Katibu wa umoja, mzee Abdiel, akamwita Sia aje aiandae.

Nieleze kilichokuwamo humo, maana ndicho kilichotutia joto. Mfereji wetu unatoka kwenye banio, pale maji ya mto yanapozuiwa huko juu, unateremka kwa familia mia nne na kumi na mbili, na kila familia ina zamu yake ya maji, siku na saa. Zamu hizo zilikuwa katika madaftari tangu enzi za babu zetu, zimefutwa, zimeandikwa juu yake, zimetiliwa shaka, watu wamefikishana kwenye baraza la kata kwa sababu ya mstari mmoja. Zilipoingizwa zote kwenye kompyuta na kila familia ikakubali, wazee waliona ni vyema ugomvi ule wa zamani uishe. Tuliomba, tukaimba, na madaftari yakachomwa moto pale uwanjani mbele ya ofisi. Nilikuwepo. Moshi wake ulikuwa mzuri, ulinyooka kwenda juu. Nakala za disketi zilikuwepo mbili, lakini kwa unyevu wa kule kwetu zilikuwa zimeota ukungu mweupe ndani kama mkate. Sia alipozitazama siku ile ya kuitwa aliomba zinunuliwe mpya. Mzee Abdiel alisema, «Kwanza tumalize hili la mwaka elfu mbili.»

Basi Jumatatu asubuhi Sia alifanya kazi aliyoitiwa. Ndani ya kompyuta kuna kibao kikubwa ambacho mafundi wanakiita mazabodi, na kwenye kibao hicho kuna maagizo madogo yanayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Yanaitwa bayosi. Sia aliyafuta yale ya zamani akaweka mapya yanayoujua mwaka elfu mbili. Maagizo mapya yakishaingia, mashine inasahau mambo yote ambayo ilikuwa imewekewa, hata tarehe na saa, inabidi uiambie upya. Akaiambia. Ikawaka vizuri, akanywa chai, akarudi nyumbani.

Jumatano akaitwa mbio. Asubuhi umeme ulikatika ukarudi, na tangu hapo kompyuta ilikuwa inagoma: inafungua jambo nusu, inakwama, inaandika maneno ya makosa kwenye kioo. Orodha ya zamu haikuonekana. Mahali pake palikuwa na vipande vipande vyenye majina ya namba tu. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa haba, mfereji ulikuwa mwembamba, na tayari huko chini watu wawili walikuwa wameshikiana majembe, kila mmoja akisema Alhamisi ni yake.

Sia alitafuta sababu. Katika kutafuta aliona kwenye kioo kumbukumbu ambayo mashine hujiandikia yenyewe kila inapojikagua: ilijikagua siku hiyo hiyo ya Jumatano na kuikata orodha vipande, 03:12. Mzee Abdiel alikuwa amesimama nyuma yake. Akamwuliza, «Hiyo ni saa ngapi?»

Na Sia, kwa mazoea ya kazi yake, akageuza kichwani kama tunavyogeuza sote. Akasema, «Saa tisa na dakika kumi na mbili. Usiku.»

Neno hilo lilitoka mlangoni likamfika Loishiye.

Loishiye alikuwa mlinzi wa usiku wa ofisi, Mwarusha wa Nduruma, mtu wa miaka sitini na ushee. Ufunguo wa mlango wa nje alikuwa nao yeye. Saa ya mkono hakuwahi kuvaa. Wakati aliujua kwa mabasi yanayopita kwenda Moshi na kwa namna baridi inavyoteremka kutoka mlimani. Miaka kumi na mmoja alikaa pale mlangoni, hata pakiti ya chumvi haikuwahi kupotea.

Alhamisi wanachama tukakusanywa uwanjani. Nilitoka hapa Sekei mapema, nikamwacha Sia barazani na mwiko wake, kwa sababu jioni ya Jumatano alikuwa ameileta ile mashine nyumbani ili aitazame vizuri. Mzee Abdiel alisoma barua kwa sauti. Ilisema kwamba mlinzi amesimamishwa kazi kwa kosa la kuruhusu watu kuingia ofisini saa tisa usiku kuharibu orodha ya maji, na kwamba nakala itapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji cha kwao.

Halafu akamwuliza, maana mzee Abdiel si mtu mbaya, «Loishiye, saa tisa ulikuwa wapi?»

«Mlangoni.»

«Ulikuwa umelala?»

«Nilikuwa macho.»

«Basi uliwaona.»

«Sikuona mtu. Hakupita mtu.»

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, «Si aseme tu alilala, jamani. Kulala ni kosa dogo.» Na mwingine akamsaidia kwa sauti: «Mzee, labda kausingizi kalikupitia kidogo?»

«Hakakunipitia,» akasema Loishiye.

Mzee Abdiel akakunja barua. «Sikiliza, ndugu yangu. Omba msamaha hapa mbele ya watu, sisi ni Wakristo, tutakusamehe, kesho urudi mlangoni kwako.»

Loishiye alifikiri. Alifikiri kweli, tulimwona. Kisha akasema, «Nisamehewe nini? Nitajieni nilichofanya, nitakiombea msamaha sasa hivi.»

Mkutano ukaisha hivyo, watu wanatazama viatu. Mimi nilikuwa naelekea barabarani kutafuta usafiri aliponifuata na ile barua mkononi. «Shemeji,» akaniita, kwa sababu yeye na marehemu mume wangu walikuwa wakitaniana, «nisomee tena. Polepole. Nikifika nyumbani nisikosee neno.» Nikamsomea katikati ya vumbi la mabasi. Kila sentensi aliirudia kwa midomo bila sauti. Nilipofika kwenye saa tisa usiku akanisimamisha, akasema, «Hapo rudia,» nikarudia. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya shuka upande wa moyo, akaenda.

Niliporudi Sekei ukungu ulikuwa mzito zaidi kuliko asubuhi. Sia alinisikiliza yote bila kuuondoa mkono kwenye ile mashine. Nilipomaliza akasema, «Mimi ndiye niliyesoma ile saa, mama.»

«Ulisoma kilichoandikwa, mwanangu.»

«Ndiyo. Nilisoma kilichoandikwa.» Akarudi kazini.

Ijumaa ile siwezi kuisahau, lakini siikumbuki kama siku nyingine ninavyozikumbuka, zenye mwanzo na mwisho. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya mchana. Kila kitu kilikuwa cheupe. Mti wa jakaranda wa Tabitha ulionekana nusu, ukapotea, ukaonekana tena. Jogoo aliwika mahali nisipopajua. Na Sia aliendelea kuuliza maswali yake kwa mikono.

Kwanza diski yenyewe. Aliisikiliza akasema haina kikohozi. Akaitoa kwenye sanduku la mashine ya umoja, akaifunga ndani ya mojawapo ya zile mashine zake za stoo, ikasoma bila kosa hata moja. Akairudisha kwenye sanduku lake, ikaanza kukosea. Akabadilisha utepe wa nyaya unaoiunganisha diski na ile mazabodi, makosa yakapungua lakini hayakuisha. Hapo aliweka kidole mdomoni, macho kwenye nyaya. Nikaleta chai, ikapoa. Nikaibadilisha, ikapoa.

«Mama Aikaeli,» akasema baadaye, «ukifungulia banio lote kwa nguvu na mfereji ni ule ule mwembamba, inakuwaje?»

«Maji yanapanda kingo, yanakwenda kwa wasiohusika.»

«Ndicho ninachokiona hapa. Haya maagizo mapya niliyoweka yameiamuru diski imwage kila kitu kwa mbio. Diski ni ya zamani na utepe wake ni wa zamani. Ikienda mbio inamwaga pembeni, kisha inadhani imekosea yenyewe, inajikagua, inajikata.»

«Sasa?»

«Sasa niiambie iende polepole.»

Alibonyeza, kioo kikawa cheusi, herufi nyeupe zikateremka. Akatafuta mahali palipoandikwa mwendo, akaupunguza. Akaijaribu saa nzima. Haikukosea tena. Nilisema asante Yesu, naye akaitikia kwa kichwa, lakini orodha ilikuwa bado vipande. Vilikuwa vipande tisini na saba, kila kimoja kina majina machache ya familia na saa zao, kimekatika popote, na namba zilizowekwa hazikufuata mpangilio wowote.

Akanitazama. «Huo mfereji unaujua?»

«Nimeutembea tangu nimeolewa.»

«Basi tutembee.»

Nikakaa kwenye kigoda, nikafumba macho. Nilianzia kwenye banio, pale penye jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nikateremka. Kwa kina Nasari, kisha kwa mjane wa mwalimu, kisha penye daraja la magogo maji yanapoingia kwa ndugu watatu wasiosalimiana. Nikitaja jina, Sia anatafuta kipande chenye jina hilo, anakivuta, anakiunga na kilichotangulia. Nilipokosea, kipande kilikataa, naye alisema, «Hapana mama, hapa kuna mtu kati,» nami nikarudi nyuma hatua chache, nikasikiliza maji, nikamkumbuka. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye shamba lake ni la migomba sita tu. Nilimruka mara mbili. Zamu yake ni nusu saa, Jumanne alfajiri, na kipande chake kilikuwa kimebaki peke yake kwenye kioo kinamsubiri.

Tulitembea hivyo mfereji mzima, mimi macho nimefumba na yeye amefumbua. Nilisikia harufu ya magimbi. Nilipofika kwenye shamba langu nilisimama kidogo, nikawasalimu marehemu kimoyomoyo, tukaendelea mpaka chini kabisa ambako maji yanafika yamechoka. Nilipofumbua macho ukungu ulikuwa umepanda hadi kwenye mabati, na orodha ilikuwa nzima, familia mia nne na kumi na mbili.

Jumamosi tukairudisha Maji ya Chai, tukiwa tumeipakata kwenye magari ya watu. Mzee Abdiel alikuwa ameitisha wanachama kwa saa tano ili wathibitishiwe zamu zao. Tulifika kabla. Hedwiga, mchapaji wa ofisi, msichana wa maneno mengi na moyo mwema, alimsaidia Sia kuunga nyaya, na kompyuta ikawaka kama zamani, na rangi zake, na picha zake.

Hedwiga akafurahi mpaka akapiga makofi madogo. «Dada Sia, wewe ni kiboko. Na hii saa uliyoiwekea mimi ndiyo nimeipenda kuliko vyote.»

«Saa gani?»

«Hii ya hapa pembeni. Zamani nikitaka kujua wakati ni lazima nihesabu sita. Kompyuta inasema kumi, mimi nijue ni saa nne. Tangu Jumatatu imejifunza Kiswahili. Tazama. Saa nne na dakika tano, na yenyewe inasema nne na dakika tano.»

Sia akatazama kwenye kona ya kioo. Iliandikwa 4:05. Nje jua lilikuwa linajaribu kutoka. Kwa muda mfupi niliona uso wake umetulia, kama mtu aliyeambiwa neno na neno hilo ni kweli. Kisha utulivu ule ukamtoka usoni taratibu, kuanzia kwenye macho. Akaketi.

«Hedwiga,» akasema, «Jumatatu nilipokuwa nawekea mashine saa, nilikuuliza ni saa ngapi?»

«Uliniuliza. Nikakwambia saa mbili na dakika arobaini.»

«Nami nikaandika mbili na arobaini.»

«Si ndiyo nilivyokwambia?»

Sia aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, «Na Jumatano umeme uliporudi, uliiwasha saa ngapi?»

«Saa tatu. Saa tatu na kidogo.» Hedwiga alianza kucheza na kifungo cha sweta yake. «Kikaja kile kioo cha bluu, kikawa kinajikagua na kuuliza-uliza kwa Kiingereza. Kila kikiuliza nikajibu ndiyo. Ningebishana nacho mimi? Sikusema kwa sababu uliposema mambo yaliharibika usiku, nikajua mimi nimekuta tayari.»

Sikuelewa mara moja. Nilihesabu kwa vidole chini ya khanga. Tatu na dakika kumi na mbili ya mashine haikuwa saa tisa ya usiku. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili ya asubuhi, jua limetoka, Loishiye amekwisha kukabidhi mlango na kwenda zake, na Hedwiga amekaa kwenye kiti anasema ndiyo. Jumatatu Sia alisahau kugeuza saa. Jumatano akakumbuka kugeuza. Mzee wa watu akaangukia hapo katikati.

Hedwiga naye alikuwa amehesabu. Alifunga mlango wa ndani polepole. «Dada, nisikilize. Ibadilishe saa sasa hivi, irudi kwenye kumi. Nani atajua? Mzee Abdiel atamrudisha Loishiye kazini, ameshasema atamsamehe. Na wewe leo utapewa kazi za mifereji mingine mitano, makatibu wao wako nje wanakungoja. Ukiwaambia umekosea saa, mwanamke, fundi, saa tu, unadhani watakupa?»

Alichosema kilikuwa kweli. Wale makatibu niliwaona, wamevaa makoti ya Jumapili. Na Sia kazi hiyo aliihitaji. Parokia mbili zilikuwa zimeanza kupeleka mashine zao kwa mafundi wapya wa mjini wenye ofisi za vioo.

Sia alinyoosha mkono kwenye kibodi. Nilimwona akifungua pale penye saa, namba zikawa zinameta zikisubiri. Niliomba moyoni, na sikujua niombe lipi. Akaondoa mkono, akapafunga bila kubadilisha chochote, akaniuliza, «Loishiye alisemaje walipotaka kumsamehe?»

«Alisema asamehewe nini.»

«Yuko wapi leo?»

«Nimemwona amekaa ng'ambo ya barabara kwa muuza miwa. Amekuja kuchukua blanketi lake.»

Akatoka nje. Nikamfuata. Watu walikuwa wengi, wanawake na makapu yao, wazee na fimbo. Mzee Abdiel alisimama kwenye ngazi akaanza kusoma orodha, na kila familia iliyosikia zamu yake ni ile ile iliguna kwa kuridhika. Yule bibi wa migomba sita alisikia jina lake akasema, «Nipo,» kama darasani, watu wakacheka. Jua lilitoka kabisa, na kwa mara ya kwanza wiki ile mlima ukaonekana, wote, hadi kilele, karibu mno, kana kwamba ulikuwa umesimama pale pale nyuma ya ukungu siku zote unatusikiliza.

Mzee Abdiel alipomaliza alimvuta Sia kwa mkono akampandisha ngazini.

«Huyu binti,» akasema, «ametuokoa tusikatane. Makatibu wenzangu, mmemwona. Sasa binti yangu, mbele ya watu wote hawa, tuombe chochote ambacho umoja wetu unaweza kukupa, nawe utapewa.»

Watu wakapiga makofi. Sia akasubiri yaishe, kama anavyosubiri marahaba. Aliangalia ng'ambo ya barabara mpaka akamwona Loishiye na blanketi lake begani, akamwita kwa mkono, na basi lililokuwa linapita lilipopita, mzee akavuka, akasimama pembeni mwa watu, mbali kidogo.

Ndipo Sia akawaeleza. Alieleza habari ya mbili na arobaini, na tatu na kumi na mbili, polepole, mpaka mtu wa mwisho akawa amehesabu kwa vidole vyake. Jina la Hedwiga hakulitaja. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa wale makatibu wa makoti alivaa kofia yake. Mzee Abdiel aliikunja orodha, kisha akasema kwa upole, «Sasa unaomba nini, mwanangu?»

Sia akasema, «Naomba ile barua ya Loishiye iandikwe upya, makosa yaandikwe ni yangu mimi Sia niliyeweka saa, na isomwe leo hapa hapa kabla watu hawajaondoka.»